UZI: Klorokwini ilikosa nini? Kidudu cha malaria kinavyozikwepa dawa na shida ya kukitafutia pa kukipiga

Pipeti_Mkononi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Jana kijiweni kwenye kahawa mzee mmoja kanichana mbele za watu. "Nyie wa makoti meupe, klorokwini ilikuwa inaponesha, ilikuwasha mwili mzima mpaka unajikuna na ukuta lakini kesho yake uko shambani, mkaitoa mkaleta Fansidar, nayo mkaitoa mkaleta mseto, sasa nasikia na mseto mnaunyooshea kidole. Mnatafuta nini hasa?" Watu wakacheka, na mi nikacheka, ila swali limenikaa kooni. Pale bao lilikuwa limenoga hamna ambaye angenisikiliza, kwaiyo jibu nalileta humu.

Kazi yangu mi ni mfugaji. Nafuga vidudu vya malaria kwenye chupa, vinaishi ndani ya damu ya watu waliojitolea, joto lao ni lile lile la mwili wa binadamu na hewa ya oksijeni vinapewa kidogo sana. Kabla ya 1976 kitu hicho kilikuwa hakiwezekani, mpaka Trager na Jensen kule Marekani walipogundua ukiweka sahani zako kwenye mtungi wa kioo, ukawasha mshumaa ndani na kufunika, mshumaa ukizima hewa iliyobaki inavitosha vidudu kabisa. Mshumaa wakuu! Sayansi yote hii ya kupima dawa za malaria maabara imeanzia kwenye mshumaa.

Sasa cha kwanza kuelewa, dawa haikipigi kidudu kizima kama unavyopiga mende na kandambili. Dawa ni molekyuli moja ndogo, inaingia ndani inatafuta kitu kimoja cha kushikana nacho, mara nyingi protini, na hicho kitu sisi maabara tunakiita tageti, shabaha ukipenda. Kikishikwa kikashindwa kufanya kazi yake kidudu kinakufa. Kikibadilika umbo kidogo tu, dawa inapita kama mgeni asiyejua nyumba.

Chukua Fansidar, SP yenyewe (sulfadoksini na pirimethamini kwenye kidonge kimoja). Tuangalie hiyo pirimethamini, iliyotoka kwenye maabara ya akina Hitchings na Gertrude Elion (hao walipata Nobel 1988). Shabaha yake ni kimeng'enya kinaitwa DHFR, ambacho kidudu kinakihitaji ili kitengeneze DNA, na DNA kinaihitaji haswa manake kimoja kikiingia kwenye seli nyekundu kinatoka na watoto hata ishirini. Kwenye hicho kimeng'enya kuna mfuko na pirimethamini inatoshea mle kama yai kwenye trei. Sasa protini imejengwa kwa matofali madogo yanaitwa amino asidi, na tofali namba 108 la hii protini ni serini, herufi moja ya DNA ikikosewa inakuwa asparajini, mfuko unabana, dawa haikai tena vizuri. Herufi moja! Alafu inakuja namba 51, inakuja 59, kila moja inaongeza usugu juu ya mwenzake.

Na hii haijaanza majuzi. Miaka ya 1950 pale Mkuzi, Muheza, watu waligawiwa pirimethamini kijiji kizima na muda si mrefu vidudu vikawa havisikii. Somo lilikuwepo Tanga kwetu kabla hata ya uhuru. Bado 2001 nchi ikaiacha klorokwini ikahamia SP kama dawa ya kwanza, sio kwa ujinga, ndio iliyokuwepo kwa bei ile, na 2006 tukawa tumeshahamia mseto (artemeta, ya ukoo wa artemisinini, pamoja na lumefantrini). Miaka mitano tu.

Klorokwini sasa, hapo ndo mzee wangu wa kijiweni ana hoja. Ile ilidumu. Imeanza kutumika kwa wingi miaka ya 1940 kwenda 50, usugu ukatokea mwishoni mwa miaka ya 1950 kule mpakani mwa Thailand na Cambodia na kule Colombia, na Afrika Mashariki umefika 1978. Kwanini SP ilikufa haraka vile na klorokwini ikakaa miongo?

Ntarudi baada ya swala, nipeni nusu saa.

duka_la_kona

Niko siti ya mbele na karanga. Mi nauza dawa, hilo swali naulizwa kila wiki na jibu langu huwa "serikali ndo imesema".

Binti_Pwani

😂😂 kujikuna na ukuta, mzee kanikumbusha bibi yetu alikuwa anatupaka mafuta ya nazi ukishameza. Endelea mkuu.

Pipeti_Mkononi

Nimerudi.

Kidudu kikiwa ndani ya seli nyekundu chakula chake ni hemoglobini yetu. Kinaimeza kinaisagia kwenye kifuko chake cha tumbo, protini inaliwa, inabaki hemu, ile sehemu yenye chuma. Na hemu ni sumu kwa kidudu. Kwaiyo kinafanya ujanja, kinaifungafunga kuwa fuwele ngumu zisizo na madhara, ule weusi ambao fundi wa maabara akiangalia slaidi kwenye hadubini anauona ndani ya kidudu ndo huo. Sasa klorokwini inaingia mle tumboni na kuishika hemu isigeuke fuwele. Kidudu kinakufa na taka zake mwenyewe, kama mama ntilie ambaye gari la taka limegoma kuja mwezi mzima.

Utamu wake uko hapa. Hemu sio ya kidudu, ni yetu sisi. Kidudu hakina jeni ya kubadilisha ili hemu yetu iwe na umbo jingine. Shabaha haibadiliki! Kwaiyo kikalazimika kuzunguka, kikabadilisha mlango, yaani protini moja iliyopo kwenye ukuta wa kile kifuko, inaitwa CRT, ikawa inaitoa klorokwini nje kabla haijafanya kazi. Tofali namba 76, laisini kuwa threonini, na haliji peke yake, lazima liambatane na mengine kadhaa ndo mlango ufanye kazi. Jeni yenyewe imekuja kujulikana mwaka 2000, wakati dawa imeshachoka. Kidudu kuzipata bahati zote hizo kwa pamoja sio mchezo, ndo maana ilichukua miaka mingi, alafu ikishapatikana sehemu moja inasafiri dunia nzima na watu.

Na huo mlango mpya una gharama zake, kidudu chenye nao kinakula kwa shida. Malawi waliiacha klorokwini 1993, na 2005 wakaijaribu tena kwa watoto, kati ya 80 akashindwa kupona mmoja tu. Vidudu vya zamani visivyo na usugu vilikuwa vimerudi vikavishinda vile sugu manake dawa haipo tena ya kuvilinda. Kwaiyo mzee wangu, klorokwini haikufa kabisa, ililala. Ila ukiirudisha peke yake leo, mlango utafunguliwa tena haraka tu, ramani vinayo.

Tangu hapo mtu yeyote makini anayetafuta shabaha mpya haulizi tu "nikikipiga hapa kitakufa?" Anauliza "nikikipiga hapa kitakwepea wapi, na kukwepa kutakigharimu nini?"

Mjukuu_wa_Hekima

Mkuu maelezo mazuri ila mi nina wasiwasi wangu, hawa jamaa dawa wanazo za kumaliza malaria moja kwa moja, wanaficha ili tuendelee kununua. Biashara hii.

Pipeti_Mkononi

Mkuu ungeniambia kisukari au presha ningekaa nikuelewe, ila malaria? Mgonjwa wa malaria ni mtoto wa mkulima, mseto unatolewa kwa ruzuku, pesa ya kuficha iko wapi? Tatizo lilikuwa kinyume, makampuni yaliipa malaria kisogo miaka mingi kwa sababu haina faida. Alafu mwaka 2010 kampuni ya dawa ya GSK walichukua molekyuli karibu milioni mbili za kwenye makabati yao, wakazimwagia vidudu pale Tres Cantos, Hispania, wakapata 13,533 zinazozuia vidudu kukua, wakaziweka wazi zote dunia nzima izifanyie kazi bure. Mtu anayeficha hafanyi ivyo.

Zaidi ya 13,000 wakuu! Na mpaka leo zilizokuwa dawa hesabu kwa vidole, na vidole utabaki navyo. Kuua kidudu kwenye sahani ni rahisi, hata jiki inaua. Kazi ni kujua imekiua kwa kugusa nini na je hicho kitu na wewe unacho.

daktari_mtarajiwa

Mwaka wa tatu famasi hapa. Darasani tunafundishwa unaanza na shabaha alafu unatafuta molekyuli. Wewe unaongea kama wanaanza na molekyuli. Ipi ndo ipi?

Pipeti_Mkononi

Zote mbili, ila kwa malaria ile ya darasani imetuangusha mara nyingi. Jenomu ya kidudu, yaani DNA yake yote, ilisomwa 2002, jeni kama 5,300, watu wakashangilia sasa tunachagua tu. 2018 wakaja wengine wakaziharibu karibu zote kwa zamu, wakakuta kama 2,680 kidudu hakiwezi kukua vizuri bila hizo. Unaona shabaha elfu mbili na ushee utasema bahari imejaa samaki. Ila toa ambazo hazina mfuko wa molekyuli kukaa. Toa zinazofanana mno na za kwetu. Toa ambazo herufi moja ikibadilika zinaendelea kama kawaida. Unabaki na kibaba.

Ile njia nyingine ndo naipenda mi. Unaanza na molekyuli inayoua, hujui inapiga wapi. Unamwuliza kidudu mwenyewe. Unakilea kwenye dozi ndogo isiyokimaliza, wiki kwa wiki unaongeza, mpaka kinatokea kimoja kinachoishi. Unasoma DNA yake yote unalinganisha na ya ndugu yake ambaye hakuguswa, herufi iliyobadilika inakuonesha mlango au shabaha yenyewe. Kama kumfuata mtoro kwa nyayo.

Ndo ilivyopatikana PfATP4. Kampuni ya dawa ya Novartis kule Singapore walikuwa na molekyuli inayoua balaa, leo inaitwa sipagamini, ripoti yake imetoka 2010. Wakavilea vidudu nayo miezi kadhaa, kusoma DNA, mabadiliko yako kwenye jeni ya pampu moja ambayo hamna aliyekuwa anaihesabu. Baadaye ikaeleweka ile pampu inatoa chumvi, sodiamu, nje ya kidudu. Ukiizuia chumvi inajaa ndani, maji yanaifuata, kidudu kinavimba. Pampu ya aina hiyo sisi hatuna. Shabaha safi kabisa, na isingepatikana kwa kukaa ofisini kuchagua jeni.

Sasa msishangilie sana, kwenye majaribio ya watu kuna waliotumia dozi moja malaria ikawarudia, vikapimwa, pampu imeshabadilika namba 358. Kidudu kimejibu barua siku hiyo hiyo. Kwa sasa inaandaliwa iwe sindano ya malaria kali, ambapo unachotaka ni kuviangusha haraka mgonjwa asipoteze fahamu.

(Na mi niliwahi kufanya zoezi hilo hilo na molekyuli yetu fulani, miezi saba nalea, vidudu vimeanza kuzoea dozi, umeme ukakatika wikiendi na jenereta haikuwashwa. Jumatatu nakuta fangasi tu. Sitaki hata kuongelea.)

Binti_Pwani

Pole sana 😭 miezi saba.

Kahawa_Chungu

Mwarobaini je? Bibi zetu walitumia, hamuwezi kuupima mjue shabaha yake tuache kuhangaika na wazungu?

Pipeti_Mkononi

Mkuu mti sio dawa moja, ni sufuria yenye molekyuli mamia, nyingine nzuri nyingine zinagombana. Kwinini nayo ilikuwa gome la mti mpaka Wafaransa wawili walipoitenga 1820. Artemisinini ilikuwa pakanga ya Wachina, Tu Youyou alisoma kitabu cha kale akakuta wanaloweka jani kwenye maji baridi, hawachemshi, naye akaacha kuchemsha akatumia etha, mwaka 1971 dondoo lake likafanya kazi, 2015 akapewa Nobel. Kwaiyo bibi haumdharau, ila ukitoka kwa bibi kazi ndo inaanza. Na chai ya pakanga msiinywe kutibu malaria, dozi yake haijulikani na Shirika la Afya Duniani hawaikubali, unachofanya ni kuvifundisha vidudu kama mi ninavyovifundisha kwenye chupa.

duka_la_kona

Hapo kwenye artemisinini simama. Mseto unao huo huo. Usugu umefika huku au ni maneno?

Pipeti_Mkononi

Umefika, na hii sehemu inaniumiza kichwa kuliko zote.

Artemisinini ni kama bomu, ina atomu mbili za oksijeni zimeshikana vibaya, chuma cha ile hemu (mnaikumbuka hemu ya mama ntilie) kikiigusa linalipuka na kuchoma protini nyingi kwa mpigo. Haina shabaha moja, ni kila kitu. Watu wakasema hapa hakuna pa kukwepea.

Timu moja ikachukua kidudu kinaitwa F32-Tanzania, ndio, asili yake huku kwetu, wakakilea kwenye artemisinini miaka MITANO. Kikazoea. Wakasoma DNA, wakakuta badiliko kwenye jeni ya Kelch13, wakaenda kuangalia vidudu vya wagonjwa wa Cambodia na kwao Kelch13 imebadilika, ikatangazwa 2014. Baadaye ikaja kueleweka hiyo protini inasaidia kidudu kumeza hemoglobini. Mnaona ujanja? Kidudu kikiwa kichanga kinapunguza kula. Hakili, hemu hamna, bomu halilipuki. Kimefunga! Dawa ikiisha kwenye damu, na huwa inaisha ndani ya masaa machache, kinafuturu.

Mwaka 2020 ikaripotiwa Rwanda, 2021 kaskazini mwa Uganda, na kwetu Kagera ile ile ya Rwanda, badiliko namba 561, imeonekana. Sasa duka_la_kona usitishe wateja, mseto bado unaponesha, kwa sababu ni mseto, lumefantrini inabaki kwenye damu siku kadhaa inamalizia waliofunga. Ila inafanya kazi ya watu wawili.

duka_la_kona

Ndo maana yule anayekuja kununua vidonge sita badala ya 24 huwa namkatalia, ananiona mchoyo.

Pipeti_Mkononi

Mkatalie mkuu. Ukimpa sita umempa mazoezi ya chupa yangu bila chupa. Na mwambie ameze na chakula chenye mafuta hata maziwa, lumefantrini bila mafuta haiingii vizuri mwilini.

daktari_mtarajiwa

Kuna shabaha yoyote kidudu kilibadilika kikajuta?

Pipeti_Mkononi

Swali la mwaka hilo. Ipo. Atovakwoni, dawa iliyomo kwenye Malarone, vile vidonge vya watalii. Inapiga saitokromu b, protini iliyopo kwenye mitokondria, lile jiko la nguvu la kidudu. Usugu wake unatokea haraka ajabu, tofali namba 268, hata ndani ya mgonjwa mmoja akiwa kwenye dozi. Karatasini ni shabaha mbovu kabisa. Lakini 2016 walivipeleka vidudu sugu kwa mbu, vikakwama. Kwenye damu ya mtu kidudu kinaweza kujikimu na mitokondria mbovu, kwa mbu hakiwezi, huko sukari ya bure hamna. Kwaiyo usugu unazaliwa na kuzikwa kwa mgonjwa yule yule, kwa sehemu kubwa hausafiri. Mi nikiulizwa nitafute shabaha ya aina gani nasema ya aina hiyo, ambayo kidudu kikibadilika huku kinavunjika kule.

Kuna wengine wamerudi kwenye shabaha ya zamani. Yuthavong na wenzake wa Thailand walipata picha ya umbo la DHFR 2003, ile yenye usugu pia, wakaona sehemu kidudu hakithubutu kuigusa kwa sababu chakula chake chenyewe kinakaa hapo hapo, wakachonga molekyuli P218 isizidi ule mpaka wa chakula. Ukibadilisha mfuko kuikataa dawa, umekataa na ugali.

Na Afrika tupo. Kelly Chibale, mtoto wa Zambia, alianzisha kituo cha H3D pale Cape Town 2010, wakatoa molekyuli MMV390048 inayopiga PI4K, kitu ambacho kidudu kinakitumia kuanzia kwenye ini, kwenye damu mpaka kwa mbu. Ilifika kwa watu, haikufika sokoni. PI4K na sisi tunayo, kumpiga jirani bila kumgusa mwenye nyumba ni kazi. Ila shule iliyopatikana pale haijapotea.

Ya karibu zaidi kufika kwenye kaunta ni ganaplasaidi na lumefantrini, matokeo ya majaribio ya awamu ya tatu kwa wagonjwa yametoka Novemba 2025, watu zaidi ya 1,600 kwenye nchi 12 za Afrika, na haikuzidiwa na mseto. Cha kuchekesha, shabaha yake kamili haijathibitishwa mpaka leo. Ukivilea vidudu nayo vinabadilisha milango, CARL na wenzake, shabaha yenyewe bado imejificha. Dawa inagonga hodi sokoni na sisi bado tunaulizana imemshika nani.

Mjukuu_wa_Hekima

Basi sawa mkuu nimeelewa kiasi. Ila bado kuna kitu wanaficha 😂

Kahawa_Chungu

Mzee wa kijiweni kashajibiwa? Mpelekee mrejesho.

Pipeti_Mkononi

Nimempigia kabisa. Nimemwambia klorokwini haikuwa na kosa, kidudu kilifungua mlango wa nyuma. Kaniambia "sasa si mfunge huo mlango?" Nikanyamaza, manake kuna watu wanafanya hicho hicho, wanatafuta molekyuli ya kuiziba CRT ili klorokwini ibaki ndani. Mzee hajagusa pipeti maisha yake yote.

Haya wakuu saa nne hii, naenda kuvibadilishia maji vidudu vyangu, havijui Jumapili hivi.

Binti_Pwani

Cheki jenereta kwanza.